Shule za upili za Garsen
Shule za upili za Garsen ni shule za umma katika delta ya mto Tana, kusini mwa Kaunti ya Tana River, Kenya. Huwakutanisha wanafunzi wa jamii mbalimbali, hasa Wapokomo, wengi wao wakulima, na Waorma na Wawardei, ambao kwa jadi ni wafugaji. Bweni humwezesha mtoto wa mfugaji kuendelea na masomo familia inapohama kutafuta malisho.

Michezo. Riadha, kandanda, voliboli na netiboli huchezwa kwa ngazi: washindi wa kaunti ndogo hupanda hadi kaunti, Kanda ya Pwani yenye kaunti sita, taifa na hatimaye Afrika Mashariki.

Changamoto. Mafuriko, yakiwemo ya 1997–98, 2018 na 2024, yalikata barabara na kuhamisha familia. Ukame nao hudhoofisha uwezo wa wazazi kulipa karo. Mapigano ya 2012–2013, yaliyohusishwa na ardhi, maji, malisho na siasa, yalivuruga masomo.

Ufadhili. Tangu 2008 serikali hugharamia ada ya mafunzo. Basari husaidia gharama nyingine, zikiwemo za bweni.