Masanduku ya Vitabu vya Picha Baina ya Maktaba

Sanduku la vitabu ni fungu la vitabu vilivyochaguliwa kwa makusudi na kutiwa pamoja na orodha yake katika sanduku au mkoba mmoja, ili maktaba moja iiazime nyingine fungu zima, likae huko kwa muda uliowekwa, kisha lipelekwe kwa maktaba ya tatu au lirejeshwe kwa mwenyewe. Hutafautiana na uazimaji wa kawaida, ambao humtafutia msomaji mmoja kitabu alichokitaja kwa jina. Kwani sanduku huwafikia wasomaji kabla hawajajua watakachokitaka. Mafungu haya ni ya namna mbili: la kwanza huwa na nakala nyingi za kitabu kimoja, nalo hutumiwa na jamaa wa watu wazima wanaosoma pamoja na kuzungumza, la pili huwa na vitabu mbalimbali, kila kimoja nakala moja, na hilo ndilo liwafaalo watoto, hususan kwa vitabu vya picha.

ASILI YAKE. Mwaka 1817 Samuel Brown, mkazi wa Haddington katika Uskoti, alianza kuweka vijijini mafungu ya vitabu 50, kila fungu likikaa mahali pamoja miaka 2 kisha likahamishiwa kijiji kingine. Hoja yake ilikuwa nyepesi: wasomaji wa kijiji humaliza upesi vitabu walivyo navyo, na fedha za kuwanunulia vipya hazipatikani, walakini vitabu vilivyochakaa machoni pa hawa ni vigeni kabisa kwa jirani zao. Katika Marekani, Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester, alizishauri maktaba mwaka 1876 ziwe zikiazimana vitabu; na mwaka 1893 mkutubi Melvil Dewey akaanza kupeleka masanduku ya vitabu 100 katika sehemu za jimbo la New York zisizokuwa na maktaba. Mary Titcomb, mkutubi wa Hagerstown katika jimbo la Maryland, aliweka masanduku madukani na katika nyumba za posta. Kisha, alipoona kwamba wakulima wa mashamba ya mbali bado hawafikiwi, alitoa mwaka 1905 gari la vitabu lililokokotwa na farasi.

KATIKA AFRIKA YA MASHARIKI. Idara ya East African Literature Bureau, iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1948, ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi hizi, na kadhalika ikaendesha maktaba za masanduku na za posta kwa wasomaji wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya uhuru kazi hiyo ilirithiwa na mashirika ya maktaba ya kila nchi: la Tanganyika liliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, la Uganda mwaka 1964 na la Kenya mwaka 1965. Katika eneo la Garissa, ambako wafugaji huhama na mifugo yao, shirika la maktaba la Kenya lilianza mwaka 1996 kuyapakia masanduku juu ya ngamia, likawafuata watoto huko huko waliko.

VITABU VYA PICHA. Kitabu cha picha si kitabu chochote kilichotiwa michoro, bali ni kile ambacho picha na maneno hugawana kazi ya kusimulia, hata kimoja kikiondolewa hadithi hupungua. Usuli wake wa zamani ni Orbis Pictus cha mwalimu Comenius, kilichotolewa mwaka 1658 kwa ajili ya kuwafundisha watoto majina ya vitu. Lakini fani yenyewe ilikomaa Uingereza katika karne ya 19 kwa mkono wa Randolph Caldecott, aliyeziachia picha zake kueleza mambo ambayo maneno yameyanyamazia. Marekani imetoa nishani yenye jina lake tangu mwaka 1938. Miongoni mwa vitabu vilivyopata heshima ya daraja ya pili katika nishani hiyo ni Moja Means One cha mwaka 1971, kinachofundisha kuhesabu kwa Kiswahili, ambacho maneno yake yaliandikwa na Muriel Feelings, aliyepata kuwa mwalimu nchini Uganda, na picha zake zikachorwa na Tom Feelings.

Aghalabu kitabu cha namna hii huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi za matbaa hukunjwa kurasa kumi na sita kumi na sita. Na ufupi huo ndio ukifanyao kihitaji kuzunguka kuliko kitabu kingine chochote. Riwaya humshughulisha msomaji juma zima, ilhali kitabu cha picha humalizika kwa dakika chache, na rafu ya maktaba ndogo huisha kabla mtoto hajatimiza haja yake. Tena rangi hugharimu sana kuchapa, na soko likiwa dogo mchapishaji husita. Ndiyo sababu Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, ulichukua njia ya kununua nakala na kuzigawa mashuleni, ili mchapishaji asibebe hasara peke yake.

MATUMIZI. Mtoto aliyependezwa na kitabu hutaka asomewe tena na tena, kwa hiyo sanduku linalohamishwa mapema mno humnyang'anya ladha katikati, na linalokaa mno humchosha. Sanduku zuri huchanganya hadithi za wanyama, vitabu vya kuhesabu, vitabu visivyo na maneno na hadithi za nyumbani kwa lugha ya wasikilizaji, pamoja na daftari la kuandikia kila kitabu kilivyopokewa. Msomeaji hukielekeza kitabu kwa watoto, hafungui ukurasa unaofuata kabla hawajaipekua picha kwa macho, na huuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au siyo. Mtafiti Whitehurst na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba watoto wadogo ambao wazazi wao walifunzwa kusoma kwa kuuliza namna hiyo muda wa mwezi mmoja waliwatangulia wenzao katika usemi.

MATATIZO YAKE. Vitabu hupotea, hurowa, na huliwa na mchwa. Lakini dhara kubwa kuliko hizo ni khofu ya dhamana, ambayo humfanya mwenye kupokea sanduku alifungie kabatini ili alirejeshe salama, likarudi likiwa zuri na halikusomwa na mtu. Dawa yake ni kwamba maktaba yenye kuazima ikubali tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba uchakavu wa kutumiwa hautozwi faini, itenge fedha za kufidia vilivyochanika, na ikipokea sanduku lililorudi jipya kama lilivyokwenda, iulize sababu kabla ya kulipeleka pengine.