Tahasusi na Mlango wa Chuo Kikuu: Historia ya Uchaguzi wa Masomo ya Kidato cha Tano Tanzania Bara, 1961–2024

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya uchaguzi wa tahasusi katika Kidato cha Tano na uhusiano wake na udahili wa vyuo vikuu Tanzania Bara tangu Uhuru hadi mwaka 2024. Hoja kuu ni kwamba kile kinachoitwa "chaguo la mwanafunzi" kwa muda mrefu kimekuwa uamuzi wa taasisi tatu: chuo kikuu kinachoweka masharti ya kuingia, serikali inayopanga nguvukazi, na shule yenye walimu na vifaa vya masomo fulani. Mwanafunzi amekuwa akichagua ndani ya nafasi iliyobaki baada ya hao watatu kwisha kuamua. Kwa msingi huo, makala yanahitimisha kwamba kuongeza idadi ya tahasusi hakupanui uchaguzi ikiwa masharti ya udahili na uwezo wa shule vitabaki kama vilivyo.

1.0 Utangulizi

Neno tahasusi, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kubobea katika jambo mahususi, limezoeleka katika nyaraka rasmi za elimu nchini. Wanafunzi wenyewe husema "kombi". Kwa istilahi yoyote, kinachorejelewa ni kundi la masomo makuu matatu ambayo mwanafunzi husoma kwa miaka miwili, Kidato cha Tano na cha Sita. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati. PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza. HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kwa desturi, mwanafunzi huandika machaguo yake katika fomu maalumu akiwa bado Kidato cha Nne, kabla hajafanya mtihani wa mwisho, wala hajajua matokeo yake. Wakati huo wengi wao wana umri wa miaka 16 au 17.

Ni vyema mtafiti aweke wazi nafasi yake katika suala hili. Mtafiti alisoma katika mojawapo ya shule za kata zilizofunguliwa katikati ya miaka ya 2000, ambayo haikuwa na maabara, na ambako somo la Fizikia lilikaa mwaka mzima bila mwalimu. Katika fomu yake aliandika PCB kuwa chaguo la kwanza. Alipangiwa HKL, ambayo aliiandika mwisho ili kujaza nafasi. Makala haya hayakuandikwa kwa majuto, kwa kuwa njia hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye taaluma anayoipenda. Hata hivyo, swali lililozaliwa siku ile lingali hai: nani hasa alichagua?

2.0 Urithi wa Cambridge na Makerere

Mfumo wa masomo makuu matatu haukubuniwa Tanzania. Ulikuja na mtihani wa Cambridge wa cheti cha juu cha sekondari, ambao madarasa yake yalianza kufundishwa Tanganyika wakati nchi ilipokuwa ikielekea Uhuru. Mtahiniwa alisoma masomo makuu machache, masomo madogo ya kuyasindikiza, pamoja na karatasi ya maarifa ya jumla. Mpangilio huo ulikidhi haja ya vyuo vikuu vya Kiingereza, ambavyo shahada zake zilikuwa finyu na zilihitaji wanafunzi waliokwisha kubobea mapema. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kuwa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ilifuata mantiki hiyohiyo.

Alama mbili za urithi huo zingali zinaonekana. Ya kwanza ni sharti la ufaulu wa masomo makuu mawili kama kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu. Sharti hilo limevuka mabadiliko ya mabaraza ya mitihani, ya itikadi na ya madaraja ya ufaulu, nalo lingali likitumika. Ya pili imo katika vifupisho vyenyewe. Katika HKL, Kiswahili kimepewa herufi ya jina lake. Kiingereza hakina herufi ya jina lake: L inawakilisha neno la jumla lenye maana ya "lugha". Waliounda vifupisho hivyo hawakuona haja ya kutaja ni lugha ipi. Ni jambo dogo, lakini linaonesha kwamba mpangilio wa masomo ulibeba mtazamo wa mahali ulikotoka.

3.0 Tahasusi kama Hesabu ya Nguvukazi, 1961–1974

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Kuanzia mwaka 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho kiligawa fani za kitaalamu baina ya nchi tatu: sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, tiba na kilimo Makerere. Kwa hiyo, katika miaka hiyo masomo ya Kidato cha Tano yaliamua hata nchi ambayo kijana angeenda kusoma.

Serikali changa ilikuwa na uhaba mkubwa wa wataalamu. Ripoti ya George Tobias ya mwaka 1963 ilikadiria mahitaji ya nguvukazi ya ngazi ya juu, na Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1964–1969, uliweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo mwaka 1980. Ada za sekondari zilifutwa mwaka 1964. Kwa kuwa serikali ndiyo iliyolipia masomo, na ndiyo iliyotarajiwa kuwa mwajiri, ilijiona kuwa na haki ya kuamua ni wangapi wasome sayansi na wangapi wasome sanaa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoziweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya usimamizi wa serikali, iliongeza uwezo wa kuwapanga wanafunzi katika shule yoyote nchini kulingana na tahasusi iliyofundishwa huko.

Kadiri chuo kilivyopanuka, kila tahasusi ilipata mlango wake nchini. Chuo cha tiba cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1963, kilifanywa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973. Kilimo kikafundishwa Morogoro. PCB ikaelekea tiba, PCM uhandisi, na tahasusi za sanaa zikaelekea ualimu, utawala na sheria. Mitihani nayo ilibadilika: Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Pamoja na mabadiliko hayo yote, muundo wa masomo matatu haukuguswa.

Hapa pana ukinzani unaostahili kuzingatiwa. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipinga elimu ambayo kila ngazi yake ni maandalizi tu ya ngazi inayofuata. Kidato cha Tano na cha Sita vilibaki kuwa mfano dhahiri wa elimu aliyoipinga, kwani havikuwa na sababu nyingine ya kuwapo ila chuo kikuu.

4.0 Azimio la Musoma na Mipaka Yake

Jaribio kubwa la kuvunja uhusiano wa moja kwa moja kati ya Kidato cha Sita na chuo kikuu lilikuwa Azimio la Musoma la Novemba 1974. Kwa mujibu wa azimio hilo, mhitimu alitakiwa kwanza kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa takribani miaka miwili, na hatimaye aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Ufaulu wa mtihani haukutosha peke yake. Mwenendo na uzoefu wa kazi vilihesabiwa pia.

Katika nadharia, utaratibu huo ungempa kijana muda wa kujua anachokitaka kabla ya kujifunga. Katika utekelezaji mambo yalikuwa tofauti kwa namna mbili. Kwanza, uzoefu wa kazi haukumruhusu mtu kubadili tahasusi: aliyesoma Historia akafanya kazi hospitalini miaka miwili hakupata kwa hilo sifa ya kusomea udaktari. Pili, idadi ya wanawake waliojiunga na chuo ilishuka, kwa kuwa katika miaka ile ya kusubiri wengi waliolewa na kuanza kulea. Serikali ililazimika kuwaondolea wanawake sharti la kazi katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 utaratibu mzima ulilegezwa. Azimio lilibadili wakati wa kuingia chuo, bila kubadili njia ya kuingilia.

5.0 Kutoka Mpango hadi Ushindani

Mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 yaliondoa uhakika wa ajira serikalini. Vyuo vikuu viliongezeka, shule binafsi zikaongezeka, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ukaleta shule za kata. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwaka 2010 Tume ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili, ambao ulitumika hadi mwaka 2017 waombaji waliporudishiwa utaratibu wa kuomba moja kwa moja vyuoni.

Miongozo ya udahili inayotolewa na Tume ni chanzo muhimu kwa mwanahistoria, kwa sababu inaonesha kwa maandishi kile ambacho awali kilijulikana kwa mazoea. Kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4.0. Hata hivyo, kila programu ina masharti yake. Udaktari hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Sheria hupokea masomo mengi ya sanaa, ya biashara na hata ya sayansi. Matokeo yake ni njia ya upande mmoja: aliyesoma PCB anaweza kuomba udaktari, na akikosa anaweza kuomba sheria, aliyesoma HKL anaweza kuomba sheria, lakini hawezi kuomba udaktari. Mzazi anayemsihi mwanawe achague sayansi hata kama haipendi hasukumwi na fahari tu. Anahesabu milango, na hesabu yake ni sahihi.

Upo pia utata wa alama zenyewe. Mfumo wa wastani wa alama ulioanza kutumika mwaka 2014 uliachwa mwaka 2016, na madaraja ya awali yakarejeshwa. Kwa sababu hiyo, daraja C la mwaka 2015 huhesabiwa pointi 2, ilhali daraja hilohilo la mwaka 2016 huhesabiwa pointi 3. Ndugu wawili waliopishana mwaka mmoja darasani hupimwa kwa mizani mbili.

Njia za pembeni zimekuwapo, ikiwamo programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria na udahili wa sifa linganifu kwa wenye stashahada. Njia hizi zimewaokoa wengi, ila hazifuti uamuzi wa mwanzo. Mwenye stashahada ya utabibu anaweza kufika kwenye shahada ya udaktari, lakini naye hudaiwa ufaulu wa masomo ya sayansi ya Kidato cha Nne. Aliyesoma katika shule isiyokuwa na maabara alifungiwa mlango huo kabla hajaufikia.

6.0 Tahasusi 65

Machi 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023 pamoja na mitaala mipya, serikali ilitangaza tahasusi mpya 49. Zikijumlishwa na 16 zilizokuwapo, idadi ilifika 65, zikiwamo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Aidha, katika miaka ya karibuni wanafunzi wameruhusiwa kurekebisha machaguo yao baada ya matokeo ya Kidato cha Nne kutoka. Hili la pili, ingawa halikuzungumzwa sana, ni badiliko la msingi, kwa kuwa sasa kijana anaweza kuchagua akijua alama zake.

Kuhusu la kwanza, historia iliyoelezwa hapa inaleta tahadhari. Tahasusi mpya ina thamani kwa mwanafunzi pale tu ambapo chuo kikuu kinaitaja katika masharti yake na shule inayofikika ina mwalimu wa kuifundisha. Azimio la Musoma lilishindwa kwa sababu ya kugusa upande mmoja tu wa uhusiano. Nyongeza ya tahasusi inaweza kushindwa kwa sababu hiyohiyo.

7.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba uchaguzi wa tahasusi umepitia vipindi vitatu: kipindi cha urithi wa kikoloni, kipindi cha mpango wa nguvukazi, na kipindi cha ushindani wa soko. Katika vyote, sharti la chuo ndilo lililotangulia na chaguo la mwanafunzi likafuata. Mtafiti anapendekeza kwamba watakaochunguza mageuzi ya sasa wasiishie kuhesabu tahasusi zilizotangazwa. Waweke miongozo ya udahili kando ya orodha ya walimu waliopo shuleni, kisha waulize ni njia ngapi zinaanzia shule ya kata na kufika chuoni bila kukatika. Idadi hiyo ndiyo kipimo halisi cha uchaguzi alionao kijana wa Kidato cha Nne anapoishika kalamu kujaza fomu yake.