Ustadi wa Mpira Mkuukuu

Ni desturi ya watu wengi kudhani kuwa kitu kikichakaa kimekwisha kazi. Nguo ikififia hugeuzwa tambara, na kikapu kikifumuka hutupwa jaani. Wahenga hawakukubali hukumu hiyo ya haraka, ndiyo maana wakasema kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Katika insha hii, msomaji, nataka tuutazame mpira wa kriketi, ambao ukichakaa huweza kuwa silaha kali kuliko ulipokuwa mpya, mradi umo mkononi mwa mtu anayeujua.

Kama wewe ni mwanafunzi wa Magongo, huenda umezoea kandanda zaidi. Hata hivyo kriketi si mgeni wa mbali kwako. Ukitoka Magongo, ukapita Changamwe na kuvuka Makupa kuingia kisiwani, hutakwenda mbali kabla ya kuufikia uwanja wa Mombasa Sports Club, chama kilichoasisiwa mwaka 1896. Mchezo huu uliletwa na Waingereza, na katika zama za ukoloni ulitenganishwa kwa rangi kama mambo mengine mengi: toka mwaka 1910 hadi 1964 maofisa wa serikali na walowezi walikuwa na shindano lao la kila mwaka, na Wahindi walikuwa na timu zao. Leo uwanja huo una historia nyingine. Mnamo Januari 2007 Kenya, Scotland na Kanada zilishindana hapo katika michezo ya kimataifa.

Sasa tuuchukue mpira wenyewe. Ni mgumu, umevikwa ngozi, uzito wake ni karibu gramu 160, na katikati umezungukwa na mshono wa nyuzi ulioinuka kidogo. Ukiwa mpya hung'aa pande zote mbili. Mrushaji huuinamisha mshono upande mmoja, kisha huurusha kwa kasi. Upande uliotangulia mbele ni laini, basi hewa hupita juu yake kwa utulivu na kuuacha mpira mapema. Upande wa pili hewa hukutana na mshono, huvurugika, na kwa kuvurugika huko hung'ang'ania mpira kwa muda mrefu zaidi. Tofauti hiyo huuvuta mpira kuelekea kule mshono unakoelekea, nao hupinda angani mbele ya macho ya mpigaji.

Lakini mng'aro haudumu. Mpira hupigwa kwa gongo, hugonga ardhi, huviringika katika nyasi na mchanga. Baada ya ova kadhaa, na kila ova ni mirusho 6, ngozi huchubuka na mpira huacha kupinda. Katika mashindano ya siku 5 timu hairuhusiwi kudai mpira mpya kabla ya ova 80 kutimia. Mrushaji wa kasi afanye nini katika saa hizo ndefu? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kusubiri.

Jibu jingine lilitoka Pakistani. Viwanja vya huko vingi ni vikavu na vigumu, na mpira huchakaa upesi. Katika miaka ya 1970 Sarfraz Nawaz wa Lahore alijulikana kwa ustadi wa kuufanya mpira mkuukuu upinde kinyume cha desturi. Alimfundisha Imran Khan, naye Imran akawarithisha vijana wake Wasim Akram na Waqar Younis. Siri yao ilianza na subira. Timu nzima iliulinda mpira: upande mmoja ulisuguliwa kwa nguo na kulainishwa, na upande wa pili uliachwa ukwaruzike kwa kucheza, wala haukuguswa kwa mkono wenye jasho, ili ubaki mkavu.

Ukirushwa kwa kasi, upande uliokwaruzika ukitangulizwa mbele, hewa huvurugika mapema pande zote mbili. Hapo mshono hausaidii tena kuishikilia hewa. Badala yake huidhoofisha, na hewa huuacha mpira mapema kwa upande ule ule wa mshono. Matokeo yake mpira hupinda kinyume cha kule mshono unakoelekea. Hata mpira mpya huweza kufanya hivyo, lakini kwa kasi ambayo warushaji wachache sana duniani huifikia. Mikwaruzo ndiyo huishusha kasi hiyo mpaka ikawa ya kibinadamu. Mrushaji mwerevu huuficha mpira kwa kiganja anapokimbia, mpigaji asijue upande upi unang'aa, kisha huulenga karibu na vidole vya miguu yake. Mpira hupinda dakika ya mwisho, na mpigaji hana tena nafasi ya kujirekebisha.

Mnamo mwaka 1992 Pakistani iliishinda Uingereza huko huko Uingereza katika mashindano 2 dhidi ya 1, na Wasim na Waqar wakawa tishio kubwa. Kukazuka minong'ono kuwa mpira ulikuwa ukiharibiwa kwa makusudi. Lakini angalia yaliyofuata. Mwaka 2005 warushaji wa Uingereza, Andrew Flintoff na Simon Jones, waliutumia ustadi ule ule kuisaidia nchi yao kuishinda Australia, nao wakasifiwa kwa werevu. Ndipo lifaapo swali hili: jambo moja lawezaje kuwa hila kwa mmoja na akili kwa mwingine? Jibu la haki halimo katika jina la mtu wala taifa lake. Limo katika namna mpira ulivyochakaa.

Sheria ya kriketi imeuweka mpaka huo wazi. Mchezaji anaruhusiwa kuusugua mpira kwa nguo yake; haruhusiwi kuukwangua kwa kucha, kwa kizibo wala kwa chombo chochote. Mnamo Machi 2018, huko Cape Town, kamera zilimnasa Cameron Bancroft wa Australia akiwa na kipande cha msasa. Nahodha Steve Smith na makamu wake David Warner walifungiwa miezi 12, na Bancroft miezi 9. Hata mate, yaliyotumiwa kwa vizazi kuung'arisha mpira, yalipigwa marufuku na baraza la kriketi la kimataifa mwaka 2020 kwa sababu ya Korona, na mwaka 2022 marufuku hayo yakafanywa ya kudumu. Warushaji wakabaki na jasho lao, na ustadi haukufa.

Wala hekima hii si ya warushaji wa kasi peke yao. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa mrushaji wa taratibu anayeuzungusha mpira kwa vidole. Alikuwa amekwisha kustaafu, akaitwa tena kwa Kombe la Dunia la mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 15 Machi, huko Durban, Kenya ilikabiliana na Australia, mabingwa wa dunia. Adam Gilchrist alikuwa ameutwanga mpira mpya bila huruma. Karim akaupokea ukiwa umekwisha kupoteza ung'avu wake, akatumia mwendo wa taratibu na shabaha, akawatoa wapigaji 3, Ricky Ponting akiwa mmojawapo, kwa mikimbio 7 tu katika ova 8 na mirusho 2. Australia ilishinda, lakini mchezaji bora wa siku ile alikuwa yule mzee wa Mombasa, na Kenya ikasonga hadi nusu fainali.

Basi, msomaji, ukitaka kuhakikisha haya, huhitaji uwanja wa fahari. Chukua mpira wa tenisi, uvike utepe wa umeme nusu moja tu, uurushe kwa nguvu mahali pa wazi, nawe utaona ukipinda. Kisha ukumbuke kuwa mpira huchakazwa na mikono ya namna mbili: mkono wa mchezo, unaofanya kazi polepole mbele ya watu wote, na mkono wa msasa, unaojificha mfukoni. Kabla ya kumsifu mshindi au kumshutumu, uliza kwanza ni mkono upi uliofanya kazi.