Kutoka Gasohol hadi E10: Nguvu za Farasi Katika Historia ya Washwood Heath

Tarehe 1 Septemba 2021, petroli ya kawaida hapa Uingereza ilibadilika. Badala ya E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, vituo vikaanza kuuza E10, ambayo ethanoli yake yaweza kufika asilimia 10. Mjomba wangu anaishi Washwood Heath, mashariki ya Birmingham, na ana gari la zamani lenye kabureta ambalo hataki kuachana nalo. Nilimuuliza kama mafuta haya mapya yanamtia wasiwasi. Akacheka. "Mapya wapi, mpwa wangu? Hii ni gasohol. Tuliitia kwenye magari Nairobi nikiwa fundi kijana." Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo. Makala hii imetokana na kicheko chake.

Tuanze na kipimo chenyewe. Watu wengi hudhani nguvu ya farasi ni jambo la maumbile, kama uzito wa jiwe. Lakini ni kipimo cha biashara, na kilipata umaarufu papa hapa Birmingham. Katika karne ya 18, James Watt na mshirika wake Matthew Boulton waliuza injini za mvuke kutoka Soho, upande wa pili wa mji. Wateja wao walikuwa wakitumia farasi kuzungusha mitambo, na swali lao lilikuwa moja: injini hii itachukua nafasi ya farasi wangapi? Watt akakadiria kazi ya farasi mmoja, akapata kipimo ambacho leo ni sawa na wati 746 hivi. Kwa hiyo tangu mwanzo nguvu ya farasi ilikuwa lugha ya muuzaji na mnunuzi.

Baadaye ikawa pia lugha ya serikali. Kuanzia Januari 1921, mwenye gari Uingereza alilipa kodi ya pauni 1 kwa kila nguvu moja ya farasi kwa mwaka. Ila serikali haikupima nguvu halisi. Ilitumia hesabu rahisi: kipenyo cha silinda kwa inchi, kizidishwe chenyewe kwa chenyewe, kisha mara idadi ya silinda, halafu kigawanywe kwa 2.5. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuhesabiwa, wala kasi ya injini, wala mafuta yaliyotumika.

Matokeo yake yanaonekana tukilinganisha magari mawili. Ford Model T ya Marekani ilikuwa na silinda nne pana. Kwa hesabu ya kodi ilikuwa na nguvu zaidi ya 22, ingawa injini yake ilitoa nguvu 20 tu. Morris Minor ya mwaka 1928 ilikuwa na silinda nne nyembamba za milimita 57, na mwendo wa pistoni wa milimita 83. Kwa hesabu ya kodi ilikuwa na nguvu 8 tu, lakini nayo ilitoa nguvu 20. Magari mawili yenye nguvu sawa, mmoja analipa karibu mara tatu ya mwenzake!

Injini hiyo ya Minor ndiyo inayotuleta Washwood Heath. Ilibuniwa na kampuni ya Wolseley, ambayo kiwanda chake kikubwa kilikuwa Drews Lane, mpakani mwa Washwood Heath na Ward End. Wolseley ilifilisika, na mwaka 1927 William Morris akainunua kwa pauni 730,000 baada ya kushindana na Herbert Austin, ambaye zamani aliwahi kuwa meneja wa Wolseley yenyewe. Pamoja na majengo, Morris alinunua ujuzi. Wakati wa Vita vya Kwanza, Wolseley ilitengeneza injini za ndege kwa leseni ya Hispano-Suiza, na humo mafundi wake walijifunza kuweka kamshafti juu ya silinda. Mpango huo huruhusu valvu kufunguka na kufunga kwa kasi bila kuchelewa. Injini ikizunguka haraka zaidi, hutoa nguvu zaidi kutoka silinda zilezile ndogo. Hivyo mafundi wakapata nguvu ambayo mtoza kodi hakuweza kuihesabu. Haikukosa kasoro, kwani dainamo ilisimamishwa wima mbele ya injini, na oili ilikuwa ikivuja na kuingia ndani yake.

Injini hiyohiyo ilitiwa katika gari dogo la michezo, MG Midget. Mwanzoni ilitoa nguvu 20. Mwaka 1930, kwa kubadilisha tu wakati wa valvu kufunguka na kufunga, ikafika 27. Ukubwa wa silinda haukuongezeka hata kidogo, na kodi ikabaki palepale.

Njia nyingine ya kuongeza nguvu ni kubana zaidi mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya cheche. Hapa ndipo mafuta yanapoingia katika hadithi. Petroli duni ikibanwa sana hulipuka ovyo, na injini huanza kugonga mpaka pistoni ziharibike. Harry Ricardo, mhandisi Mwingereza, alilichunguza tatizo hili kwa kina miaka ya mwanzo ya 1920, na akaonyesha kwamba alkoholi huvumilia mbano mkubwa kuliko petroli. Pia huipoza hewa inayoingia kwenye silinda. Ndiyo maana waendesha magari ya mashindano waliipenda. Na haikubaki kwa wakimbiaji peke yao: Cleveland Discol, petroli iliyochanganywa na alkoholi, iliuzwa katika vituo vya Uingereza hadi miaka ya 1960. Kumbe hata hapa mchanganyiko huu si mgeni.

Sasa turudi kwenye kicheko cha mjomba. Bei ya mafuta ghafi ilipopanda mwaka 1973 na tena 1979, nchi zisizo na visima ziliumia sana. Kenya haikuwa na visima, lakini ilikuwa na mashamba ya miwa na molasi inayobaki baada ya sukari kutengenezwa. Huko Muhoroni, kampuni ya Agro-Chemical and Food ikageuza molasi kuwa ethanoli, na kuanzia mwaka 1983 petroli ikachanganywa nayo kwa asilimia 10. Hiyo ndiyo gasohol. Lengo halikuwa kasi ya magari. Lilikuwa kupunguza fedha za kigeni zilizotumika kununua mafuta. Lakini mwaka 1986 bei ya mafuta ghafi ilianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango huo ukakoma. Hata hivyo, kiwango kilekile ambacho Uingereza imekifikia mwaka 2021, Kenya ilikuwa imekifikia miaka 38 kabla.

Je, E10 itaongeza nguvu za gari la mjomba? Hapana. Ethanoli ina oktani ya juu, lakini lita moja yake ina karibu theluthi mbili tu ya nishati iliyo katika lita ya petroli. Faida yake huonekana pale injini imetengenezwa au kurekebishwa kwa mbano mkubwa. Katika injini ya zamani huleta hasara ndogo ya mafuta, na baya zaidi, huvuta maji na kula mipira ya zamani ya kabureta. Kwa hiyo mjomba hununua petroli ya daraja la juu, ambayo bado ni E5 na bei yake ni kubwa zaidi.

Hapo ndipo naona historia ikijirudia. Mwaka 1921 sheria ilitumia hesabu moja, na mwenye injini pana akalipa zaidi bila kupata nguvu zaidi. Mwaka 2021 sheria ina sababu nzuri, yaani kupunguza kaboni, lakini mwenye gari kuukuu ndiye anayechimba mfuko zaidi. Fundi wa Drews Lane aliweza kuijibu kodi kwa kubuni injini mpya. Mjomba hana kiwanda. Ana bisibisi na kabureta.

Wolseley haipo tena. Magari ya LDV, ya mwisho kuundwa Washwood Heath, hayaundwi tena huko, na mahali hapo sasa panajengwa karakana ya treni za umeme za HS2. Nilipomwambia mjomba, aliuliza swali ambalo Watt angelielewa mara moja: "Hizo zina nguvu za farasi wangapi?"