Uhakiki wa Programu za Dozi ya Ndani

Mgonjwa wa Kabazi, nchini Kenya, anayehitaji tiba ya mionzi ya nje anaweza kuipata mjini Nakuru, kwenye kituo cha saratani cha kanda. Dozi ya mashine kama hiyo hupimika: mtaalamu hutumbukiza kifaa cha kupimia ndani ya tangi la maji, huiwasha mashine na kusoma. Mgonjwa wa tezi ya shingo anayenyweshwa iodini-131 hali yake ni tofauti. Hiyo ni tiba ya nyuklia, mionzi hutokea ndani ya tezi yenyewe, na hakuna anayeweza kuchomeka kifaa humo. Dozi inabidi ikokotolewe, na siku hizi mkokotoaji ni programu ya kompyuta.

Je, tuiamini kwa lipi?

Hapa Kiswahili kina maneno mawili, uthibitishaji na uhakiki, na wengi huyatumia kama pacha. Katika kazi hii si pacha. Uthibitishaji, wa ukoo mmoja na thabiti, unafaa kwa kukagua kama programu inafuata milinganyo yake bila kosa. Uhakiki, jamaa ya hakika, uwe ni kupima kama jibu lenyewe linalingana na mwili halisi.

Tuseme megabekereli 1 ya iodini-131 imetua kwenye tezi ya gramu 20. Iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8. Kwa kuwa mwili nao huitoa polepole, ndani ya tezi nusu huisha kwa siku 7.3 hivi. Ukihesabu kwa kalamu chembe za beta zitokazo kwenye iodini hiyo peke yake, unapata dozi ya takriban grei 1.4. Programu ikitoa 14, mtunzi wake amekosea nukta. Ikitoa 1.4, imethibitishwa kwa swali hilo tu. Maana tezi ikivimba hadi gramu 40, kiasi kilekile cha iodini huipa grei 0.7, ilhali programu iliyoachiwa gramu 20 itaendelea kujibu 1.4. Hesabu ni safi, mgonjwa siye.

Mfano ni programu ya OLINDA/EXM. Hiyo, iliyotungwa na Michael Stabin na wenzake wa Marekani na kuidhinishwa huko mwaka 2004, ilirithi programu ya awali, MIRDOSE, na kuenea duniani. Programu za namna hii hutumia miili ya mfano. Ile ya Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ni mwanamume wa kilo 73 na mwanamke wa kilo 60. Programu mbili zenye mwili uleule wa mfano zikikubaliana, zimekubaliana zenyewe kwa zenyewe. Uhakiki unadai zaidi: viungo bandia vilivyojazwa dawa ya kiasi kinachojulikana, na picha za wagonjwa zilizopigwa kwa siku kadhaa.

Watunga istilahi, BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania) na vyuo vya Kenya, walitengee neno uhakiki kazi hii ya pili. Nayo hospitali inayoandika kwamba programu yake imehakikiwa iseme pia: kwa dawa ipi, na kwa miili ya akina nani.