Namba ya Mach na Sauti ya Raia

Ndege ya abiria inayopaa kutoka uwanja wa Kamuzu, Lilongwe, ikishafika juu sana, rubani huiangalia namba ya Mach. Namba hiyo ni uwiano: kasi ya ndege ikigawanywa kwa kasi ya sauti katika hewa iliyoizunguka. Mach 1 ni kwenda sawa na sauti. Ndege nyingi za abiria huenda karibu na Mach 0.8.

Kipimo hiki hakifungwi na idadi moja ya kilomita, kwa kuwa kasi ya sauti hufuata joto. Hapa Dzaleka, asubuhi yenye nyuzijoto 10, sauti husafiri takriban mita 337 kwa sekunde. Mchana wa nyuzijoto 30 hufika mita 349. Katika kimo cha kilomita 11, penye baridi kali, hushuka hadi mita 295.

Jina latokana na Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria. Mwaka 1887 yeye na Peter Salcher walichapisha picha za mawimbi yanayotokea hewani risasi inapoipita kasi ya sauti. Mwaka 1929 Jakob Ackeret wa Uswisi akakipa kipimo jina la Mach. Tarehe 14 Oktoba 1947, Mmarekani Chuck Yeager akairusha Bell X-1 kwa Mach 1.06.

Mawimbi hayo yakifika ardhini husikika kama mshindo mkubwa. Mwaka 1964 serikali ya Marekani iliamua kupima uvumilivu wa wakazi wa Oklahoma City: kwa miezi sita, ndege za kijeshi zilisababisha mishindo 1,253 juu ya mji wao. Vioo vilivunjika, malalamiko yakamiminika kwa maelfu, na zaidi ya robo ya waliohojiwa wakasema hawawezi kuishi na kelele hiyo. Mwaka 1973 Marekani ikazikataza ndege za kiraia kuipita kasi ya sauti juu ya nchi kavu yake. Hata Concorde, iliyobeba abiria kwa Mach 2 tangu 1976 hadi 2003, ililazimika kuhifadhi mbio zake kwa ajili ya bahari.

Wahandisi walikuwa wamekwisha kuishinda sauti ya hewani. Sauti ya raia iliwashinda, kwa sababu iliandikwa na kuhesabiwa.

Swali la kujadili: Je, wakazi waulizwe kabla ya jaribio au baada yake? Toa hoja tatu.