Mfupa Uliopotea: Ung'oaji wa Meno na Ujio wa Vipandikizi Katikati ya Dar es Salaam na Kariakoo

Historia ya kipandikizi cha jino kwa kawaida huanzia Gothenburg, Sweden, ambako mwaka 1965 Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa wake wa kwanza skrubu za titani katika taya la chini. Kwa mkazi wa Kariakoo historia hiyo huanzia kwingine: siku gego lake lilipong'olewa.

Gego la juu likishatoka, mfupa uliolishikilia husinyaa, hasa katika mwaka wa kwanza, na uwazi wa hewa ulio juu yake, yaani sinasi, hupanuka kuelekea chini. Miaka ikipita, huweza kubaki milimita chache tu za mfupa, zisizotosha kushika skrubu. Hapo hulazimu kuinua utando wa sinasi na kujaza chini yake mfupa wa mgonjwa mwenyewe, uliochukuliwa kidevuni au kwenye nyonga, ama chembe za mfupa wa ng'ombe zilizosafishwa, kisha mara nyingi kungoja miezi kadhaa kabla ya kupandikiza. Boyne na James walichapisha mbinu hii mwaka 1980.

Tarehe hiyo ina uzito wake nchini Tanzania. Sheria ya hospitali binafsi ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku tiba ya kibiashara, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1991. Kuilaumu sheria peke yake hakutoshi. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979 tu, na uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980 ulifanya vifaa vya kuziba meno kuwa adimu. Koleo na sindano ya ganzi vilipatikana kwa urahisi zaidi. Kung'oa kuliondoa maumivu, jambo lisilopaswa kubezwa. Lakini kila pengo lilianza kupoteza mfupa.

Baada ya 1991 kliniki binafsi za meno zilirejea Kisutu, Upanga na Kariakoo, na vipandikizi vikaingia zaidi kwa mlango huo wa soko. Gharama ya kupandikiza mfupa huongezwa juu ya ile ya kipandikizi. Hivyo aliyeng'olewa jino zamani, enzi ambazo tiba ya umma haikuwa na jingine la kumpa, ndiye hutakiwa kulipa zaidi ya yule aliyeng'olewa mwezi uliopita. Asiyemudu hurudia meno ya bandia ya kuvua.